Maneno ya Gaudence

Kabla ya kuhamia Garland, Marekani, Prudensia alikuwa akiandika michezo ya redio Mwanza. Sura yake haikujulikana na mtu, ila saa ya mchezo wake ilipofika, mafundi cherehani wa barazani kwa jirani waliacha kukanyaga ili wasikie msichana atamjibu nini mchumba wake. Alikuwa na kipaji hicho kimoja: kujua mtu aliyependa anaanza kusema nini, na nini anakimeza.

Texas kipaji hicho hakikuwa na mnunuzi. Alipata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, akapakia maboksi mpaka mgongo ukagoma. Daktari akamkataza kuinua vitu vizito, ghala likasema halina kazi isiyo ya kuinua, ikawa ndiyo basi. Akabaki ndani ya apatimenti yao ya chini, anapika chakula cha watu wawili na kusubiri mume wake, Gaudence, arudi kutoka Euless, alikokuwa akiendesha foklifti kwenye mizigo ya ndege. Binti yao wa pekee, Abigail, alikuwa chuo Houston. Ukimpigia simu kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kama mtu aliyeshika mlango wa basi.

Aliyemtoa Prudensia jikoni alikuwa Mado, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mpiga video za harusi. Hakukuwa na harusi ya Waafrika kuanzia Fort Worth mpaka Houston ambayo Mado hakuipiga, na mara mbili tatu Prudensia alimwandikia maneno ya kusomwa juu ya picha za maharusi. Kwa hiyo siku Mado alipokuja na kukaa kwenye kochi, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, Prudensia alidhani ni harusi nyingine.

"Niko na kazi yako," Mado akasema. "Lakini usinifukuze mbele ya kumaliza."

Harusi zilikuwa zimepungua. Mado alikuwa amepata kazi Houston, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza filamu za watu wazima. Alilisema hilo bila kupunguza sauti. Prudensia akainuka, akafunga dirisha.

"Filamu za uchi, Mado?"

"Za uchi, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini banamuke banachoka na ile ya zamani. Mutu anagonga mlango, dakika moja, nguo iko chini. Banataka histoire, hadithi, ma chère. Banataka kujua sababu gani huyu anamupenda huyu. Patron, mwenye kampuni, amenipa filamu moja nijaribu. Na mimi kuandika sijui."

"Sasa mimi nitaandika nini kwenye uchi?"

"Pale utaacha nafasi. Weye utaandika kila kitu chenye kiko mbele yake, na kila kitu chenye kiko nyuma yake."

Prudensia aliomba muda wa kufikiri. Jioni alimweleza Gaudence yote, akiwa anamwangalia mikono badala ya uso. Gaudence alikuwa mtu mkimya, mwimba besi kwenye kwaya ya misa ya Kiswahili. Alimaliza ndizi zake kwanza.

"Jina lako litaandikwa?"

"Hapana."

"Utakuwepo wakipiga?"

"Sitakuwepo."

"Basi ni maneno tu." Akasogeza sahani. "Ila kanisani mtu asijue, Mama Abi."

Ukweli ni kwamba habari ile haikumfurahisha hata kidogo. Lakini alikuwa amemkuta mke wake mara nyingi mno ameketi jikoni, mikono mapajani, taa haijawashwa, na hilo lilimtisha kuliko filamu.

Prudensia akaandika. Aliandika kwa Kiingereza, akisema kila neno kwa sauti kwanza kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya studio. Hadithi yake ilihusu mwanamke aliyeachwa na mumewe baada ya mimba kuharibika, na seremala aliyekuja kutengeneza baraza ya nyumba yake. Aliwapa majina kamili wote wawili. Alimpa mwanamke kazi ya maktaba na mama mkorofi anayepiga simu kila asubuhi. Mado alilalamika kwamba kurasa zinakwenda na watu hawajashikana hata mkono. "Bado hamwamini," Prudensia alimjibu. "Ukimlazimisha sasa, atakuwa anatii tu, hapendi."

Walibishana sana, na Prudensia alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Mwanza. Gaudence akirudi kazini alimkuta anaongea peke yake mbele ya sufuria, anacheka.

Kulikuwa na sehemu moja iliyomshinda. Mwanamke amejifungia moyo. Seremala lazima aseme kitu, na baada ya hapo mwanamke ainuke kwenye kiti kwa hiari yake. Aseme nini? Prudensia alijaribu sifa, akajaribu ahadi, akajaribu machozi. Kila alichoandika kilinuka uongo. Ndipo likamjia neno ambalo halikuwa la kutunga.

Abigail alipokuwa mdogo wa kubebwa, Prudensia alipoteza mimba ya pili, na daktari wa Mwanza akasema hakutakuwa na nyingine. Ndugu wa mume walikuwa wameshaanza kunong'ona kuhusu nyumba ya mtoto mmoja, tena wa kike. Gaudence aliingia wodini amelowa mvua mwili mzima, akakaa pembeni ya kitanda, akasema: "Nyumba yetu haina upungufu. Upungufu uko kwa wanaotuhesabu." Hakuongeza kitu. Hakulirudia tena maishani, wala Prudensia hakumsimulia mtu. Lilikuwa limekaa katikati yao miaka yote, na katika ugomvi wowote ndilo lililomfanya arudi mezani.

Akaliandika. Kwa Kiingereza lilikaa vizuri, hata yeye lilimtetemesha. Mwanamke wa kwenye hadithi akainuka kwenye kiti. Prudensia akaacha nafasi, kama alivyoagizwa, akaenda kuanua nguo. Hakumwambia Gaudence. Alijiambia kwamba ni sentensi moja, na kwamba huku Amerika hakuna anayeijua wodi ile.

Walipiga filamu kwenye nyumba ya kukodi huko Katy, nje ya Houston. Mado alipiga simu sauti imempanda: mwigizaji wa kike amelia kweli, ikabidi apakwe poda upya. Amesema tangu aanze kazi hiyo ndiyo mara ya kwanza kupewa kuigiza mtu mwenye jina la baba na kazi ya kwenda asubuhi. Prudensia alifuta macho kwa khanga, akaomba kuiona.

Mado akamwalika ofisini Houston Jumamosi. Mgongo wa Prudensia haukuruhusu kuendesha mpaka Houston, kwa hiyo Gaudence ndiye aliyeshika usukani. Mpango ulikuwa amwache mkewe pale, yeye akamwone Abigail. Lakini Abigail alituma ujumbe kwamba ameitwa kazini, na Gaudence akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ingia, papa," Mado akamwambia. "Nitaonyesha maneno tu. Ile ingine nitairuka."

Gaudence akamtazama mkewe. "Acha nione kazi yako," akasema, na Prudensia aliona kwamba alikuwa amechagua kujivunia.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya gereji, kina skrini kubwa na viti vya plastiki. Baraza ya Katy ikatokea, jua limeipiga. Seremala, kijana mwenye mabega mapana, akauliza chai ya maziwa iliyotiwa tangawizi ni kinywaji au ni dawa, na Gaudence akacheka, akamgusa mkewe kwa kiwiko. Mama mkorofi alipopiga simu akacheka tena, kwa nguvu zaidi. Prudensia alianza kulegea. Kwa muda alisahau kabisa kilichokuwa kinakuja.

Halafu ikafika meza ya jikoni. Yule kijana akaweka nyundo chini, akamtazama mwanamke, akasema neno lile, polepole, akalisema vizuri. Kando yake Prudensia akasikia pumzi ya Gaudence imesimama. Mwanamke kwenye skrini akainuka, akamshika kijana mkono, wakaelekea mlango wa chumba cha kulala. Mado akabonyeza kitufe kuruka mbele.

"Samahani, mama," Gaudence akasema, akatoka nje.

Prudensia alimkuta amesimama karibu na gari, jua la Houston kichwani, kofia bado iko mkononi.

"Baba Abi."

"Uchi nilikuwa nimejiandaa," akasema bila kugeuka. "Nilikaa pale nikasema, hata akikosea kuruka nikaona, nitavumilia, ni kazi. Hilo sikujiandaa."

"Nililitafuta jingine. Nilitafuta siku nyingi. Hakuna lililokuwa la kweli kama lile."

"Ukampa yule kijana."

"Hakuna anayejua kwamba ni lako."

"Mimi najua." Sasa akageuka. "Siku ile sikuwa na cha kukuambia. Nilizunguka mji mzima kwenye mvua natafuta. Nimelipata nimeshafika mlango wa wodi. Mimi si mtu wa maneno, unanijua, nilikuwa nalo hilo moja. Sasa limekuwa la kumpeleka mwanamke kitandani mbele ya watu."

Prudensia alitaka kusema kwamba sivyo, kwamba ndani ya hadithi halikuwa na maana hiyo. Lakini alikuwa ameuona ule mlango wa chumba kama alivyouona mumewe. Aliingia kwenye gari. Njiani Gaudence alisimama kituo cha mafuta, akamuuliza kama anataka maji, akamnunulia na dawa ya mgongo. Hakuwa amekasirika. Angekasirika, Prudensia angejua pa kuanzia.

Wiki kadhaa baadaye Mado alipiga tena, na safari hii sauti ilikuwa chini.

"Patron amekata yote, Prude. Amesema batu banaruka maneno. Amebakisha vipande vitatu, kila kimoja kivyake. Hakuna jina, hakuna baraza, hakuna mama wa kwenye simu. Unisamehe."

Prudensia hakuwahi kufungua filamu ya aina hiyo maishani mwake, lakini siku hiyo aliifungua, mchana, mapazia yamefungwa. Aliiona meza ya jikoni ya Katy. Kipande kilianzia pale mwanamke anapoinuka kwenye kiti. Kilichomwinua hakikuwepo. Aliinuka tu, kama mtu aliyeitwa na kengele, akashika mkono wa mwanamume ambaye hata jina hana. Prudensia akaizima kabla hawajafika mlangoni. Alikaa na simu mapajani mpaka maharage yakaungua.

Asubuhi alimweleza Gaudence, aliyekuwa akifunga kamba za buti za kazi.

"Wameyakata yale maneno. Yote. Hakuna atakayeyasikia."

Alitarajia kuona nafuu usoni mwa mumewe. Gaudence alimaliza kamba ya buti la pili.

"Kwa hiyo kwetu yametoka," akasema, "na kule hayakufika."

Akachukua chakula chake, akaenda Euless.

Mado aliacha kampuni ile, akarudi kwenye harusi na vipaimara. Prudensia alipata kazi ya ukalimani wa simu: anakaa nyumbani amevaa vipokea sauti, daktari wa mbali anasema kwa Kiingereza, mgonjwa anasema kwa Kiswahili, naye anabeba maneno kutoka huku kwenda kule bila kuongeza wala kupunguza. Aliifanya vizuri. Kuandika aliacha. Mado alimuomba maneno ya kusoma juu ya picha za harusi ya binti mmoja wa Kihaya, akajibu kwamba hana nafasi.

Na Gaudence? Hakuna aliyeweza kusema ni mume mbaya. Alileta mshahara, alimsugua mgongo dawa, alimsubiri kwenye gari baada ya misa. Lakini mazungumzo yake yalikuwa yamebaki kama matangazo ya parokia. Tairi linahitaji upepo. Abigail amesema atakuja mwisho wa mwezi. Leo kuna foleni. Prudensia, aliyeishi kwa kuwasikiliza watu wanachokimeza, alimsikia mumewe akimeza kila siku.

Mwaka uliofuata simu ilitoka Bukoba asubuhi: mama yake Prudensia amefariki. Gaudence alifanya yote yanayopaswa kufanywa. Aliomba ruhusa kazini, akaazima viti kwa wanajumuiya, akachemsha chai ya sufuria kubwa, akapokea pole za watu mlangoni mmoja mmoja. Mchana, watu walipokuwa sebuleni wanasali rozari, aliingia chumbani na kikombe cha uji, akakaa pembeni ya kitanda alipokuwa ameketi mkewe.

Prudensia alisubiri. Hakutaka kusubiri, lakini alisubiri. Gaudence alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Mama Abi, kuna kitu nataka kukuambia," akasema mwishowe. "Toka asubuhi. Kila nikianza, najisikia kama naigiza."

"Usiseme."

"Si kwamba sitaki."

"Najua."

Sebuleni sauti ya Mado ilikuwa juu ya zote, Salamu Maria ya Lubumbashi katikati ya Salamu Maria za Kitanzania. Prudensia akalia hatimaye, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya mengine, na mkono wa mumewe ulikuwa mgongoni kwake, mzito, mahali pale pale anapompaka dawa. Simu ya Gaudence ikalia mfukoni. Alikuwa Abigail, ameshafika kituo cha basi Dallas, anaomba baba yake akamchukue.

Gaudence akatafuta funguo. Mlangoni akasimama.

"Nikuletee nini nikirudi?"

"Chochote," Prudensia akasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akapita katikati ya waliokuwa wakisali, akatoka.