Mzee Wafula Alivyotangaza Kwenye Ibada ya Kumuaga

Watu wa kanisa letu pale Mountain View wakiniona bado huulizana kama nimekuja kuwasha wafu, kwa sababu aibu yenyewe niliifanya mbele ya jeneza.

Mzee Wafula ndiye aliyetunza kompyuta ya kanisa, ile inayoonyesha nyimbo ukutani. Kifua kilipomlemea alirekodi matangazo ya Jumapili, akaipanga mashine iyacheze yenyewe kila ikiwaka (hakutuamini sisi vijana, na hakukosea). Alipofariki, mjane wake, Mama Nekesa, alinipa picha za maisha yao nizionyeshe ukutani, akaniomba jambo moja tu: "Mwanangu, nataka aagwe kwa heshima. Kusiwe na fujo."

Mashine ilikuwa imechoka, basi nikaiwekea mfumo mpya. Diski yake hugawanyika vyumba, mafundi huviita sabvolyumu, na kila chumba chaweza kubeba mfumo mzima. Kwa hivyo nikajenga chumba kipya, nikauweka mfumo mpya humo pamoja na picha za mama, nikawasha mashine na kukichagua kwa mkono, kikawaka vizuri. Cha zamani, chenye matangazo ya Mzee, sikukifuta (nani afute kazi ya marehemu kabla hajazikwa?). Ilibaki kuiagiza mashine kwamba ikijiwasha yenyewe iingie chumba kipya. Nikasema hiyo nitaifanya baada ya ibada.

Katikati ya ibada, picha ya harusi yao ikiwa ukutani, stima ikapotea. Ikarudi. Mashine ikajiwasha, ukuta ukabaki mweusi, halafu spika zikakohoa, kikohozi tulichokijua sote.

"Bwana asifiwe!" akasema Mzee Wafula.

"Amen!" kanisa zima likajibu kwa mazoea, kisha watu wakatazama jeneza wala si spika.

"Mwenye gari nyeupe ameziba lango, tafadhali aisogeze."

"We kijana, zima hiyo kitu!" pasta akaninong'oneza, maikrofoni ikiwa wazi, nami niking'oa nyaya kama mtu anayeng'oa mihogo. Wakati huohuo dereva aliyeleta mwili, mgeni asiyemjua marehemu wala sauti yake, akainuka akatoka kusogeza gari lake. Lilikuwa jeupe. Na kweli lilikuwa limeziba lango.

Ibada ilipokwisha nilimwendea Mama Nekesa. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso, sikujua analia au anacheka.

"Mama, nisamehe. Leo hii nakifuta kile chumba cha zamani chenye sauti yake."

"Ukifuta utaniona," akasema. "Umeskia vile amekohoa? Hata leo anapanga magari ya watu."

Siku hizi siachi mashine ya mtu kabla sijaizima na kuiacha ijiwashe yenyewe, nione inaingia wapi. Ile ya kanisa nayo nimeirekebisha. Lakini chumba cha Mzee kingali humo, na siku mama akiniomba nikifungue amsikie, kabla ya kubonyeza mimi huchungulia kwanza langoni.