Sahani ya Kumi na Mbili

Mpaka leo nikinusa maua ya mchungwa, namkumbuka Shangazi. Alikuwa na mdomo, usipime! Akianza kusimulia, chai inapoa na mgeni anaachwa na basi. Na huyo ndiye aliyeajiriwa kwenye maabara ya miche, mahali ambapo mbele ya sahani iliyo wazi ya kuoteshea mimea hufungui mdomo hata kusalimia, maana pumzi ina vijidudu. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Nyuma ya jiko la Bibi, mama yake, palikuwa na mchungwa usiozaa mbegu, ulioachwa na marehemu babu. Ukaanza kukauka kuanzia juu.

“Huo nao ukiondoka, nitakuwa nimefiwa mara mbili,” Bibi alisema.

Shangazi akachuma ua changa, akaenda nalo kazini, akatenganisha seli zake katika sahani kumi na mbili. “Mama, seli moja tu ikikubali, inatosha. Humo ndani mna mizizi, majani, maua, mti mzima.”

“Sasa hilo nalo geni? Hata wewe ulianza hivyohivyo, ukakua, ukaota na huo mdomo.”

Mdomo huohuo ndio uliomponza. Siku ya kuzihamishia seli kwenye chakula kipya, sahani zikiwa wazi, alimsimulia mwenzake wa meza ya pili maneno hayo ya Bibi, wakacheka weee. Wiki haikuisha, sahani kumi na moja zikaota ukungu. Ya kumi na mbili alikuwa hajaifunua. Na mchungwa wenyewe ulikuwa umeshakufa.

Alimwambia Bibi ukweli, kisha akanyamaza. Si mchezo, alinyamaza! Jioni zetu zikapooza. Mimi niliyekuwa namwombea anyamaze, nilitamani hata anigombeze.

Katika sahani ile iliyobaki kikatokea kitone cha kijani, kikawa mche, mche ukahamia nyuma ya jiko. Miaka sita Shangazi aliumwagilia kimyakimya, akiukaribia anaziba mdomo kwa kiganja.

Ulipotoa maua, macho ya Bibi yalikuwa hayaoni tena. Shangazi alimshika mkono, akamfikisha mtini bila neno. Bibi akanusa, akanusa tena.

“Ni wenyewe,” akasema huku machozi yakimtoka. Kisha akampapasa Shangazi usoni mpaka akaupata mdomo. “Haya, ongea sasa, mwanangu. Mimi sioni. Usiponisemesha, nitajuaje kama upo?”