Tano Zilizobaki

Juzi basi letu liliposimama Dumila, mzee mmoja aliinua kikapu cha vitunguu hadi dirishani kwangu akasema, "Vipo vizuri, vizuri." Nikajikuta nimeshashuka. Sauti ile, rafiki yangu, naijua tangu kijijini kwetu Kinole, nikiwa binti wa darasa la sita.

Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, na kila alichosema alikirudia mkia. Fungueni madaftari, madaftari. Tulimwigiza njia nzima ya kurudi nyumbani. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba na redio za betri zikipanda milima hadi kwetu, lakini shuleni chaki zilikuwa zimekwisha. Basi siku moja alitutajia namba kwa mdomo tu: elfu mia tano na kumi, mia tano na kumi. Akasema inagawanyika kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba, bila baki. Atakayeleta hesabu yote ya kuigawanya kesho yake angeshuka naye mjini kwenye mashindano. Mimi mjini sikuwa nimefika, na nilitamani sana kufika.

Niliandika 500,010. Ile mia tano na kumi ya pili nilijua ni mkia wake.

Jioni, bibi akibandua magome ya mdalasini uani, nikagawanya kwa mkaa sakafuni. Mbili ikakubali, tatu, tano, hata saba ikakubali. Kumi na moja ikabakisha tano. Nikafuta, nikaanza upya, tano zikabaki palepale na ugali ukapoa. Bibi, ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, aliniambia: "Kama wewe hujakosea, na mwalimu hajakosea, basi hamkusikilizana." Nilinuna. Bibi angejua nini habari za namba?

Asubuhi nikasimama nikasema namba ina kasoro. Mwalimu akaniambia keti, keti. Mjini alikwenda mwenzangu, na muhula ulipokwisha mwalimu mwenyewe akaacha kazi akafuata biashara. Nikabaki sielewi nimwamini nani, yeye au mkono wangu, na hesabu nikaichukia kabisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, marahaba."

Nilimuuliza namba ile. Akacheka, akaiandika kwa kidole kwenye vumbi la ubavu wa basi: 510,510. Nikamweleza nilichoandika mimi.

"Siku ile sikurudia," akasema, mara moja tu.

Njiani niliigawanya kwa kumi na moja nyuma ya tiketi. Haikubakisha kitu. Bado sielewi kwa nini ile yangu ya makosa ilikubali hadi saba, ikanidanganya namna ile. Nilitaka kumwambia bibi kwamba alipatia. Lakini bibi tulishamzika, na uani pale pamejengwa duka. Mapajani nilikuwa na vikapu viwili vya vitunguu nilivyonunua kwake, sijui nampelekea nani.