Nitakukuta Kwenye Kahawa

Sisi watu wa Tanga kahawa hatuifanyii mzaha. Nimezaliwa katika nyumba ambayo baba hakusema na mtu asubuhi mpaka vikombe viwili vichungu vishuke. Jioni muuza kahawa alipopita akigonganisha vikombe vyake, watoto tulikimbilia kashata na wakubwa wakakimbilia siasa. Kwa hiyo mchumba wangu aliponiambia kwamba kwao ndiko kahawa inakotoka, nilimwona kama ametoka nyumba ya mfalme. Ujinga huo nausema kwa kinywa changu mwenyewe, asinisaidie mtu.

Alikuwa Mchagga wa Uru, juu ya mji wa Moshi. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima, na mmoja wao alikuwa amemwajiri asindikize magunia mpaka bandari ya Tanga. Mimi nilikuwa napiga chapa katika ofisi ya wakala wa meli. Alikuja na karatasi zake, akakaa kwenye benchi, akanichekesha, na ikawa kila mzigo ukija na yeye yumo. Posa haikuwa imeletwa, lakini mama yangu alishaanza kumwita mkwe. Na mama yangu hakuwa mtu wa kugawa neno hilo ovyo, maana kijana alikuwa Mlutheri na sisi Waislamu. Alisema tu, "Akija kwa adabu, tutazungumza."

Safari ya Moshi niliikazania mimi. Yeye kila mara alikuwa na udhuru: mara mvua, mara mavuno, mara kaka yake anaumwa. Mwisho nikamwambia mimi si gunia la kungoja meli, nataka niwaone wazee wako. Akakubali. Basi liliposimama Muheza alininunulia machungwa, akayamenya mwenyewe moja moja, akawa ananipa vipande huku akitazama nje dirishani. Nikasema moyoni, huyu ananipenda. Sasa nafikiri alikuwa anatafuta pa kuanzia kusema, na kila alipokosa akamenya chungwa jingine.

Tulishuka stendi ya Moshi jua linazama. Akanipeleka gesti moja safi, akaniambia yeye atapanda nyumbani kwanza akawaandae wazee, kwa sababu jambo la dini ni zito na baba yake ana hasira za karibu. Simu za mkononi hatukuwa nazo. "Usijifungie ndani," akasema. "Wewe si unapenda kahawa? Zunguka, onja kahawa za Moshi. Mji huu haumfichi mgeni. Nitakukuta kwenye kahawa."

Basi nikazunguka.

Asubuhi ya kwanza nilianzia karibu na soko, katika hoteli ya familia ya Kihindi yenye meza za marumaru na kabati la kioo lililojaa sambusa. Mzee mwenye hoteli alikaa kaunta, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Nikaagiza kahawa. Ikaja bilauri ya maziwa ya moto, kopo la kahawa ya unga, na kijiko. Nikalitazama lile kopo, nikamtazama mzee.

"Mzee wangu, nimepanda basi kutoka Tanga nije ninywe kahawa ya kopo?"

Akacheka mpaka miwani ikashuka yenyewe puani. "Dada, mimi nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa. Kahawa ya Moshi inakwenda Ulaya. Moshi sisi tunakunywa chai."

Na chai yake, nisimdhulumu, ilikuwa na tangawizi na iliki za kutosha. Nikakaa pale mpaka adhuhuri, uso mlangoni. Kabla ya kuondoka nikamwachia ujumbe: akija kijana mrefu mwembamba, ana koti la kaki, amwambie nipo. Mzee akasema sawa, akaniongezea sambusa moja ambayo sikuiagiza.

Kesho yake nikajaribu mgahawa mpya uliokuwa umefunguliwa na kina mama wa kanisa, barabara yenye miti. Huko kulikuwa na keki na mashine inayopiga miluzi. Ndani walijaa Wazungu waliotoka kupanda mlima, pua zimechubuka kwa jua, wakishuka ngazi mbili za mlangoni kiubavuubavu kama bibi zetu wenye baridi yabisi. Mlima wenyewe tangu nifike ulikuwa umejifunika mawingu, nami sikuwa na haja nao.

Kahawa ilikuja kwenye kikombe kikubwa kama cha kunawia mikono. Nikaonja bila sukari, na hapo nikanyamaza. Ilikuwa chungu bila kukwaruza, na nyuma ya uchungu kulikuwa na uchachu mdogo ambao sijawahi kuukuta kwenye kahawa ya kwetu. Kumbe hakuwa akinidanganya. Nikamkasirikia kwa kuwa hakuwepo nimwambie. Niliagiza kikombe cha pili kwa ajili yake, kikapoa mbele yangu, nikakinywa hivyohivyo kilivyopoa. Nilikaa mpaka dada wa pale akaanza kupindua viti juu ya meza na kunitazama kwa huruma. Huruma ile nilichukizwa nayo kuliko kitu chochote. Nikajiambia wazee ni wagumu, anapambana huko juu kwa ajili yangu, na mimi hapa nahesabu dakika kama mtoto.

Mfanyakazi wa gesti ndiye aliyenielekeza mtaa wa Pasua. Alisema huko kuna mama mwenye kibanda, anakaanga kahawa yake mwenyewe. Nikaenda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, na sufuria juu ya mkaa, buni zinalia ndani yake. Alizikaanga mpaka moshi wake ukaingia kwenye ushungi wangu, akazitwanga kwenye kinu, akachemsha, akachuja. Nilipoomba tangawizi hakunicheka, aliiponda palepale. Nikanywa. Waashi wawili waliokuwa kwenye benchi waliondoka, na mimi nikabaki nikimsifu kama nimelipwa.

"Ni ya kihamba, shamba la nyumbani kwa wazazi wangu," akasema. "Uru. Wenzetu wengi wanang'oa sasa, wanapanda nyanya. Baba yangu kakataa."

Niliposikia Uru moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamwambia kila kitu: kwamba nimetoka Tanga, kwamba mchumba wangu ni wa hukohuko, kwamba amepanda kuzungumza na wazee na nimekuwa nikimsubiri kwenye kila kahawa ya mji huu. Akaniuliza ni wa nyumba gani. Nikamtajia jina la baba yake.

Akaacha kufuta vikombe. Akanitazama, akautazama ushungi wangu, akanitazama tena.

"Kesho asubuhi njoo hapahapa," akasema. "Usiende kwingine."

Nilirudi gesti natembea juu juu. Nilijua yule mama atampelekea mchumba wangu habari. Nikaosha nywele, nikaazima pasi, nikalinyoosha lile gauni la kijani nililolishona kwa ajili ya kuwaona wazee.

Asubuhi hakuwa mchumba wangu aliyekaa kwenye benchi la kibanda. Alikuwa mama mmoja mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vya kanisani vimejaa vumbi jekundu, kikapu mapajani. Uso ulikuwa wake yule, umezeeka tu na kuwa wa kike. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa Tanga?"

"Ndiye mimi."

Akaingiza mkono kikapuni, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo. Akanipa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Kwetu mkubwa akikupa kitu hukiulizi kwanza. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, maswali baadaye. Nikalipokea. "Ahsante mama," nikasema, na nikatabasamu, Mungu anisitiri, nilitabasamu kwa meno yote. Nilidhani ndivyo Wachagga wanavyomkaribisha mkwe.

Mwenye kibanda akajishika mdomo. Mama akamgeukia.

"Hajui," akasema. "Hajui alichopokea." Kisha akaninyooshea mkono. "Nirudishie, mwanangu."

Nikamrudishia. Akaliweka mezani kati ya vikombe, akaniketisha karibu yake.

"Hili ni isale. Kwetu mtu akikukosea, hata kosa la damu, akikuletea hili hukatai. Ukilishika umesamehe. Sasa wewe umelishika kabla hujajua kosa. Hiyo itakuwa wizi. Mimi nimekuja kuomba, sikuja kuiba."

Akaniambia taratibu, kwa Kiswahili cha kupimapima, akisimama kutafuta neno. Kwamba mwanawe aliwaambia habari zangu tangu mwaka uliotangulia. Kwamba baba yake alinuna kwanza, kisha mwenyewe akatenga mbuzi wa mgeni. Kwamba yeye mama alikwenda kwa jirani yao Mwislamu akamwomba, siku mgeni akifika, aje achinje yeye, nipate kula bila wasiwasi. Akanunua na sufuria mpya, isiyowahi kupikiwa nguruwe, akaificha uvunguni wakwe zake wengine wasije wakaitumia.

"Alipofika safari hii akasema mgeni haji. Amesema hawezi kukaa na watu wanaokula nguruwe."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema. Akasema kuna binti huko Marangu, ana mimba yake, na wazee wa binti wanatungoja. Tukaamini. Jana huyu mwenzetu akapanda mpaka kwangu, akaniambia mgeni yupo mjini, anazunguka kwenye kahawa anamtafuta. Nikamwita mwanangu nikamwuliza. Akatazama chini." Akavuta pumzi. "Leo wamekwenda Marangu, baba yake na kaka zake na yeye. Wamekwenda na pombe ya mbege. Na mbuzi."

"Mbuzi yupi, mama?" Sijui kwa nini niliuliza.

"Yule yule."

Niliumia. Nimejaribu miaka mingi kutafuta namna nzuri ya kulisema hilo na sijaipata. Mimba niliweza kuielewa, waongo niliwajua, lakini yule mbuzi alinimaliza. Alikuwa amefungwa mahali huko juu akila majani kwa ajili yangu, siku zile zote nilizokuwa nikiamini kwamba huko juu hakuna anayenitaka.

"Yeye ndiye aliyepaswa kulileta jani hili," nikasema.

"Ndiye. Lakini hakuwa na miguu ya kuja. Mimi ninayo." Akalisogeza kidogo, si kwangu, katikati tu. "Ukilikataa nitarudi nalo. Hutakuwa umekosea."

Nilitaka kukataa. Nasema kweli, nilitaka arudi nalo, na kila mgomba wa Uru uone. Lakini angelibeba nani? Si yule aliyekuwa Marangu anakunywa mbege. Angelibeba huyu, na viatu vyake vya kanisani. Nikalichukua kwa mikono miwili, mara hii ninajua. Akafunika uso kwa ncha ya kitenge, na mwenye kibanda akajifanya anakoroga kahawa.

Baada ya muda nikamwambia, "Mama, leo wewe ulitakiwa uwe Marangu."

"Siendi. Nina aibu."

"Nenda. Mama wa mume asipoonekana, kule watasema binti yao hatakiwi. Mimi nimekaa mji huu nikidhani hunitaki. Usimfanyie mwenzangu hivyo, naye ana mtoto tumboni."

Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye viatu. Nikambebea kikapu mpaka stendi. Njiani alinishika mkono, kama watu wanaokwenda mahali pamoja. Nikamtafutia gari la Marangu, nikagombana na mpiga debe mpaka akampa kiti cha dirishani. Alipokaa akatoa mkono nje, nikaushika.

"Msalimie mkweo," nikamwambia.

Gari lilipoondoka nililia palepale, mbele ya wapiga debe na wauza ndizi, kwa sauti, gauni langu la kijani limenyooka vizuri. Watu ninaowasimulia hudhani nilikuwa namlilia mwanamume.