Kinda wa Manjano Juu ya Mlango wa Kanisa

Tanti Ianthe Noel hakuolewa, wala hakulilia kuolewa. Wiki nzima alibandua basibasi, ule utando mwekundu, kwenye kungumanga, Jumamosi akafagia kanisa dogo la kijiji cha Calliste, kisiwani Grenada, na Mungu alimtosha.

Mwaka ule ndege wa sukari, wale wadogo wanaoingia jikoni bila hodi kudokoa bakuli la sukari, walijenga juu ya mlango mkubwa wa kanisa, ubavuni mwa kiota cha nyigu. Ndivyo walivyo, nyigu ndio askari wao. Lakini ilifika Jumamosi ambayo kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na mzee wa kanisa, Cuthbert, alikwisha kuumwa upaani. Akaja na ngazi na tambara lililoloa mafuta ya taa.

"Kaka Cuthbert, ukichoma nyigu umechoma na makinda."

"Tanti, wameuma kichwa changu, si chako. Na nywele za kunikinga sina."

"Basi panda uangalie kwanza. Halafu uchome, kama moyo huo unao."

Akapanda akinung'unika. Ndege wazazi wote wawili walikuwa weusi tititi, kama walivyo ndege wa sukari wengi Grenada. Mmoja akatua na chakula, na mdomoni mwa kiota mkachomoza kinda mwenye kifua cha manjano kama embe bivu.

"Hapa baba mtu kaibiwa," akasema Cuthbert.

"Chunga ulimi wako, uko mlangoni pa Bwana."

Lystra, mpwa wa Tanti, mwalimu wa shule, alikuwa akipanga maua. Akacheka. "Hajaibiwa mtu, Mjomba. Rangi nyeusi ina nguvu, inaifunika ya manjano. Baba anayo ya manjano ndani, haionekani. Mama vilevile. Huyu kairithi kwa wote wawili, basi hana cheusi cha kumfunika. Zamani wote walikuwa wa manjano, mpaka kitu kidogo kikageuka katika damu ya mmoja, akazaliwa mweusi. Hawa weusi wote ni uzao wake."

"Wa ndege mmoja?" Tanti akauliza, akakaa kizingitini. Maisha yake yote alidhani wa manjano ni wapita njia tu kutoka pwani kavu. Kumbe Bwana aliwaficha humo humo, kizazi baada ya kizazi, na hao weusi wenyewe hawajui wamebeba nini.

"Kwa hiyo hapa," Cuthbert akasema polepole kutoka juu, "mtu anamlisha babu yake."

Akashuka na tambara lake, hakuliwasha. "Kesho waumini waingilie mlango mdogo wa ubavuni. Atakayelalamika nitamleta azungumze na nyigu."

Kesho yake wakaingilia huko, wakibanana na vikapu vya mashelisheli. Tanti alibaki nje, chini ya mlango mkubwa. Kinda alisimama ukingoni, mabawa yakimtetemeka, mzazi mweusi akimwita kutoka paani. Ndani, wimbo wa kwanza ukaisha, na wa pili. Kinda akaruka. Tanti alimfuata kwa macho tu, shingo juu, mpaka manjano yake yakapotelea kwenye jua.