Vita, adresi ya uongo, na website yetu ya kutafuta ndugu kule Rumonge

Wakuu, amahoro.

Niliishia shule ya msingi na naandika pole pole, mnivumilie. Haya yalitupata nyumbani Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini ya Bujumbura, wakati wa vita. Sijatia chumvi.

Kaka yangu Juvenali alikimbilia Tanzania, hatukujua yuko kambi gani. Familia nyingi za kando ya ziwa zilikuwa hivyo. Mama Zaina, muuza sabuni sokoni, akatukusanya, tukafungua website ya majina ya waliopotea. Kambini wafanyakazi wa misaada waliwasomea wakimbizi majina hayo.

Mimi nilichapa majina. Kazi ilinifaa, kompyuta haikuangalii usoni.

Sasa, ukinunua domain, yaani jina la website, unakubali mkataba kwamba jina na adresi yako ni za kweli. Na mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma. Vita iko mlangoni, halafu wewe utangaze unapolala!

Tukakubaliana wote kuweka adresi ya nyumba moja kule Gatete, iliyochomwa, haina mtu.

Kisha mtu, hadi leo simjui, akashtaki kwamba adresi yetu ni ya uongo. Wasimamizi wa domain wakaibana kampuni iliyotuuzia, nayo ikatuandikia email: wiki mbili mrekebishe. Simu zilikuwa zimekatika mjini. Ziliporudi na tukaisoma, website ilishazimwa.

Mama Zaina akampigia muuzaji wa domain kule Bujumbura.

"Mama, mkataba ni mkataba. Leteni karatasi ya ofisi ya komine inayoonyesha mnapokaa."

"Wewe ulishafika huku mwaka huu?"

"Hapana. Barabara wanapiga risasi."

"Basi unajua kwa nini tulidanganya."

Hakubadilika. Yeye anaogopa hata kupita, sisi ndio tuandike nyumba zetu. Nilichoka, wakuu.

Tukakaa kuamua nani atoe adresi yake. Kila mtu aliangalia chini, na mimi pia. Mwisho Mama Zaina akasema, "Andika ya kwangu. Anayetaka kuniua hana haja ya internet, majirani wa kartie nzima wanajua kwa muuza sabuni."

Karatasi ilipofika Bujumbura, website ikawashwa. Baadaye ukaja ujumbe kutoka kambini: "Kama kweli ni nyinyi, mbuzi wa mama aliitwa nani?"

Alikuwa Juvenali. Nilimjibu, mbuzi aliitwa Waziri. Ndipo akaeleza.

Siku aliyosomewa jina lake kwenye website, mfanyakazi alimwahidi kumwandikia jibu kesho yake. Kesho yake website ikawa imezimwa. Mfanyakazi akamtafutia adresi ya mwenye domain, maana hiyo bado ilionekana. Juvenali akamtuma mfanyabiashara aliyekuwa anavuka ziwa. Yule akafika Gatete, akakuta kuta nyeusi, akarudi kumwambia hakuna mtu.

"Nilishawalilia," aliandika. "Nywele nilishanyoa."

Nilimsomea mama yetu. Hakuuliza habari ya website wala mkataba. Aliuliza tu, "Alilia na nani huko?"

Nilichojifunza: sheria ya adresi ya kweli iko na maana, kaka yangu alitutafuta kwa adresi hiyo hiyo, akaikuta ya uongo. Lakini anayeisimamia aulize kwanza mtu anajificha kwa nini, ndipo azime.

Siku hizi naambiwa adresi za wenye domain zinafichwa, na wasimamizi wanabaki nazo wenyewe. Kumbe iliwezekana.

Nyinyi mngeandika adresi ya nani? Nitasoma zote, ila kujibu nitachelewa. Murakoze, asanteni.