Bibi wa Mambrui Aliyeachwa Akauke

Mama aliposikia nimepata kazi ya hostesi alisema kumbe shule yote ile ilikuwa ya kunifundisha kupeleka soda. Nikamwambia hii ni soda ya angani. Akasema soda ni soda.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya Nairobi na Malindi, ikibeba Wazungu wanaokuja kuungua na jua Watamu na wenyeji wachache wenye haraka. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Siku ya mwisho msimamizi wetu, mama mmoja wa bara aliyenyooka kama aliyepigwa pasi akiwa ndani ya nguo, alikaa kiti cha nyuma kunitazama. Akiridhika, naandikwa kazi. Asiporidhika, narudi kwa mama.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: abiria huulizwa mara moja tu. Akisema hapana, unatabasamu, unapita. Niliipenda sheria hiyo, maana sina subira, na kwetu kumpa mgeni chai ni kazi ya kutoa jasho: anakataa, unamshika mkono, anaapa ameshiba, nawe unaapa humwachii, ndipo anapokunywa vikombe vitatu.

Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja wa Mambrui, buibui jipya, kikapu mapajani, akitoka kumtembelea mwanawe Nairobi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamuuliza atakunywa nini.

"Si kitu, mwanangu. Usijisumbue."

Nikatabasamu, nikapita. Nilijua wazi ana kiu na anangoja nimbembeleze. Lakini msimamizi alikuwa ananitoboa mgongo kwa macho, na mimi kazi naitaka.

Wazungu walipokea bia zao bila kubembelezwa, kama watu wasiolelewa. Niliporudi na trei tupu, bibi akaniuliza, kwa sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili, mimi ni binti wa wapi. Nikasema Malindi.

"Malindi ipi hiyo, mtu akisema si kitu anaachwa akauke?"

Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka mjini, alicheka mpaka miwani ikamshuka. Bibi alikuwa keshafungua kikapu. Akatoa chupa ya kahawa ya tangawizi, vikombe vidogo na mkate wa sinia wenye iliki, akaanza kuwakirimu watu. Ndege nzima ikanukia iliki. Na nani alipitisha vikombe? Mimi, mhudumu wake.

Nikafika kwa msimamizi. Akakataa. Bibi akageuka kitini, akasema apewe. Msimamizi akasema yuko kazini.

"Mwambie nimeshaapa," bibi akasema.

Msimamizi akachukua kipande cha mkate. Baadaye akauliza kama kimebaki kingine.

Tulipotua msimamizi alisimama karibu na ngazi akikung'uta chembe za mkate kwenye sketi. Nikangoja kufukuzwa.

"Wageni, mara moja," akasema. "Wazee wa huku, waulize mpaka wachoke. Kesho uje na nywele zimefungwa."

Nilikimbia hadi nyumbani kumwambia mama nimeandikwa, nikamsimulia na kisa cha bibi wa Mambrui. Hakunipongeza. Aliuliza yule bibi alikunywa nini mwishowe. Nikasema kahawa yake mwenyewe.

Mama akajitanda leso, akaniambia nisivue viatu, tunakwenda Mambrui kuomba radhi.